Yisti kwenye damu: dawa ni alama 3 tu kati ya 22

Maabara ikipiga simu wodini kwamba kalcha ya damu ya mgonjwa fulani (damu iliyooteshwa kuona kama ina vijidudu) imeota yisti, yaani fangasi, kuna jibu nalisikia sana: "si itakuwa uchafu wa ngozi tu, turudie kwanza." Hapana bana. Bakteria wa ngozi ukiwakuta kwenye chupa moja unaweza ukabishana, ila Kandida, ambayo ni aina ya yisti, ikiota kwenye damu, hata chupa moja, hata kama homa imeshuka, unatibu, na kwenye hilo miongozo mikubwa yote inaongea lugha moja. Tena kalcha yenyewe inawakosa karibu nusu ya wagonjwa wenye Kandida iliyoingia ndani ya mwili, kwa hiyo ikikubali kuota umebahatika, usianze kuitilia shaka.

Mimi ni mfamasia wa kliniki, nazunguka na madaktari kwenye raundi huku Mbeya na kazi yangu kubwa ni kusoma chati za dawa. Lalamiko la kila siku kuhusu muongozo wa kutibu Kandida ni kwamba "ule ni wa wenzetu, sisi hizo dawa hatuna." Kuna ukweli hapo. Muongozo wa Marekani wa 2016 unataka uanze na dawa za fangasi za kundi la ekinokandini, mfano kaspofungini miligramu 70 siku ya kwanza halafu 50 kila siku, na famasi nyingi za hospitali ukiulizia hiyo wanakuangalia tu. Lakini angalia hii. Mwaka 2018 wataalamu wa fangasi wa Ulaya, ECMM, walitoa kadi ya alama inaitwa EQUAL Candida, ya kupima mgonjwa ametibiwa kwa kufuata muongozo kiasi gani. Mgonjwa mwenye sentro laini (mpira unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, mfano shingoni) jumla yake ni alama 22, na kuanza na ekinokandini ni alama 3. Tatu! Zinazobaki ni kutoa damu ya kutosha, kujua ni Kandida ya aina gani na inasikia dawa gani, kutoa mpira, kurudia kalcha, kumaliza siku, kupima macho na moyo, kuhamia flukonazoli pale inapofaa. Kuutoa ule mpira wa shingoni ndani ya saa 24 peke yake ni alama 3, sawasawa na dawa tunayoililia, na mkasi wa kukatia uzi upo kila wodi.

Kabla ya dawa kuna jambo ambalo huku nyanda za juu kusini lazima lifikiriwe. Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa ambayo maambukizi ya VVU yako juu kitaifa, na "yisti" ya maabara siku ya kwanza haina maana ni Kandida, inaweza ikawa kriptokokasi, fangasi mwingine, yule yule wa homa ya uti wa mgongo, naye anaota kwenye damu vizuri tu. Ekinokandini hazimfanyi kitu kriptokokasi, hata uzipate bure. Kwa hiyo simu ikija ulizia hali ya VVU, omba kipimo cha antijeni ya kriptokokasi, na mgonjwa akiwa anaumwa kichwa au amechanganyikiwa atolewe maji ya uti wa mgongo. Ila usigeuze ikawa fangasi kwenye damu ni lazima UKIMWI. Kandida ya damu inapenda watoto njiti, watu wa ICU, waliopasuliwa tumbo, walioungua, wanaosafishwa figo, na wale waliokaa kwenye antibiotiki, seftriaksoni kisha meropenemu, wiki baada ya wiki bila mtu kuuliza kwa nini.

Haya, dawa. Kama ekinokandini haipo, mgonjwa hayuko mahututi na hajatumia flukonazoli karibuni, flukonazoli inakubalika kabisa, ila kwa dozi yake: miligramu 800 siku ya kwanza halafu 400 kila siku, yaani miligramu 12 kwa kilo ya uzito kisha 6 kwa kilo. Ninachokutana nacho kwenye chati ni 200 kwa siku, au ile 150 ya fangasi wa ukeni, na hiyo kwenye damu ni kumpa mgonjwa matumaini tu. Kandida ya aina ya Candida krusei haisikii flukonazoli kiasili, ya aina ya glabrata inasikia kwa shida, ndo maana aina ikitajwa na maabara isomwe, isibanwe tu kwenye faili. Akiwa mahututi, amfoterisini B. Ile ya kawaida inachanganywa na dekstrosi asilimia 5, ukiitia kwenye salaini inafanya mabonge. Salaini inapita yenyewe kabla, kulinda figo, na potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo) mnazifuatilia kweli kweli, sio kuandika "cheki" halafu basi.

Sasa siku 14 za dawa, hapa ndo nagombana na watu. Zinahesabiwa kuanzia kalcha ya kwanza iliyokuwa safi, sio kuanzia dozi ya kwanza. Tuseme dawa imeanza tarehe 3, damu ya tarehe 5 imeota tena, ya tarehe 7 haijaota: unahesabu kuanzia 7. Bila kurudia kalcha kila siku au kila baada ya siku moja huijui hiyo tarehe, unabahatisha. Najua chupa zina gharama na ndugu wameshachoka kuchangia, lakini sista akikwambia "dokta huyu anaendelea vizuri, damu ya nini tena," mjibu kwamba damu isiyosafika inamaanisha kuna sehemu fangasi amejificha, kwenye mpira, kwenye valvu ya moyo, kwenye jipu tumboni.

Macho kuna ubishi. Muongozo unataka mboni zipanuliwe na jicho liangaliwe ndani ya wiki ya kwanza, wakati madaktari wa macho wa Marekani walishasema kumpima kila mgonjwa hakuna faida, apimwe mwenye dalili. Mi naona wa ICU aliyelala na mashine na kichanga hawawezi kukwambia wanaona ukungu, hao wapimwe. Na kichanga muongozo unataka atolewe na maji ya uti wa mgongo.

Kandida ya kwenye mkojo wa mtu mwenye katheta, au ya makohozi, hiyo ni habari nyingine, mara nyingi haihitaji dawa, toa katheta.

Baada ya siku 5 hadi 7, mgonjwa ametulia, damu safi, Kandida inasikia flukonazoli, anahamia vidonge vya flukonazoli, vinafyonzwa karibu vyote, hana haja ya kubaki kitandani kwa ajili ya dripu wakati kwao ni mbali, Makete huko Njombe. Ila kabla hajaondoka uliza kama anatumia dawa za TB, maana rifampisini inaishusha flukonazoli mwilini, na kama yuko kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) irudiwe ndani ya siku chache. Na kwenye karatasi ya kuruhusiwa iandikwe tarehe ya kidonge cha mwisho, sio "endelea wiki mbili", maana zahanati ya kule haijui wiki mbili hizo zimeanza lini.