Tatizo la kucha za jeli si taa, ni rangi inayogusa ngozi

Malalamiko ya kucha yanayotufikia sisi maafisa wa afya ya umma hapa Kisumu yameongezeka, na mengi yanafanana. Dada ameweka jeli, yaani rangi ya kucha inayokaushwa kwa taa maalumu, baada ya siku chache ncha za vidole zinawasha, ngozi inapasuka, na pengine kope zimevimba kwa kuwa alijigusa usoni. Anapofika kwetu ameshampata mwenye hatia: taa. Ni kweli taa hiyo hutoa miale inayozeesha ngozi, na anayeogopa avae glavu zilizokatwa ncha. Lakini muwasho wa namna hii mara nyingi hautoki kwenye taa.

Jeli na akriliki, ule unga na majimaji ya kujengea kucha bandia, ni za jamii moja ya kemikali, akrileti. Zikiwa bado majimaji huamsha mzio. Zikishakauka kabisa, hatari hiyo hupungua sana. Kwa hiyo cha kuangalia ni rangi iliyomwagikia ngozi ya pembeni, na rangi iliyokauka juu huku chini ingali mbichi. Hilo la pili hutokea fundi akipaka tabaka nene, au mtu akinunua taa ndogo ya bei rahisi kutumia nyumbani na jeli ya kampuni nyingine kabisa. Kucha inang'aa vizuri, naye anadhani kazi imekwisha. Fundi mwangalifu huacha mwanya mwembamba kama uzi kati ya rangi na ngozi, na ikimwagika huifuta kwa kijiti kabla mkono haujaingia chini ya taa. Ikishapita kwenye taa, umechelewa.

Mzio huu ukikuingia, kwa kawaida haukuachi. Unaweza kukaa mwaka mzima bila kuweka jeli, ukairudia, na ngozi ikakumbuka. Akrileti hizo pia zimo katika dawa za kuziba meno na katika gundi za baadhi ya vifaa vya kupima sukari vinavyobandikwa mwilini, ndiyo maana hatuchukulii jambo hili kuwa la urembo tu. Ulaya, jeli yenye HEMA, mojawapo ya akrileti hizo, inaruhusiwa kwa mafundi pekee, na tangu Septemba 1, 2025 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku TPO (Trimethylbenzoyl Diphenylphosphine Oxide), kemikali ya kusaidia jeli kukauka chini ya taa, katika vipodozi vyote. Soma chupa. Majina hayo mawili huandikwa kwa herufi ndogo sana upande wa nyuma.

Na tafadhali, tuache hii habari ya “haina harufu, haina sumu.” Asetoni inanuka mtaa mzima, na kosa lake kubwa ni kukausha ngozi, kuumiza kichwa mahali pasipo na hewa, na kushika moto haraka, usiifungue karibu na jiko au mshumaa stima ikipotea. HEMA karibu hainuki. Wala maandishi ya chupa kwamba haina kemikali tatu, tano au kumi hayatoshi. Tatu za mwanzo, yaani tolueni, fomaldehaidi na DBP (kemikali ya kulainisha rangi), ni vizuri zitoke, lakini hakuna anayekueleza kilichowekwa mahali pake.

Akriliki inayotutia wasiwasi zaidi ni ile ya MMA (methyl methacrylate). Ni rahisi kwa bei, ngumu kama jiwe, na ukiiloweka kwenye asetoni hailainiki, mpaka isagwe kwa mashine. Ukijigonga mlangoni haivunjiki yenyewe, inang'oa kucha yako nayo. Kucha za kawaida za kuloweka zifunge kwa pamba yenye asetoni dakika 10 hadi 15, kisha uzisukume taratibu. Usizibandue kwa meno.

Saluni nyingi za mjini ni stoli zilizogawanywa kwa mbao, hazina dirisha. Hapo feni ya kumpulizia mteja usoni haisaidii; inatakiwa itoe hewa nje. Barakoa ya kawaida haizuii mvuke, na hata N95 huzuia vumbi tu. Fundi anayesaga akriliki kutwa nzima ndiye anayeumia zaidi, si mteja wa nusu saa.

Vyombo vya chuma vioshwe kwanza kwa sabuni, ndipo vilowekwe katika jik (dawa ya klorini ya kufulia) ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, dakika 10, kisha visuuzwe na kukaushwa. Kuloweka mkasi mchafu ni kupoteza jik. Virusi vya hepatitisi B huweza kuishi juu ya kifaa siku 7 au zaidi. Tupa ya kusugulia kucha haisafishiki; mteja aje na yake.

Kuhusu sheria, kwa kuwa wengi hudhani tunakuja kufunga: Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 118, inahesabu kuwa kero mahali pa biashara pasipopitisha hewa ya kuondoa mvuke na vumbi linalotokana na kazi. Chini ya kifungu cha 119 tunampa mhusika ilani ya maandishi yenye muda wa kurekebisha. Asipopatikana, ilani humwendea anayetumia jengo au mwenye jengo, kwa hiyo wenye stoli msiseme haiwahusu. Muda ukipita bila marekebisho, shauri huenda kwa hakimu, na hakimu ndiye anayeamuru. Faini ipo, na nyingine huhesabiwa kwa kila siku kosa linapoendelea. Wengi hurekebisha kabla ya hapo.

Chupa yenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ihakikishe kwa kutuma ujumbe wa simu SM# ikifuatwa na namba ya kibali kwenda 20023. Ukiwa na lalamiko, njoo ofisi ya afya ya umma iliyo karibu nawe ukiwa na jina la saluni, tarehe, picha za vidole kabla hujapaka dawa yoyote, na chupa yenyewe ikipatikana. Usiioshe, na usibandue lebo.