Usiisukume Mteremkoni: Dhana Potofu Kuhusu Kufufua Pikipiki ya Babu

Kila likizo ya Juni inapoanza, wazazi huanza kuniletea pikipiki za marehemu babu. Mara nyingi ni Honda CG125, aina iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1976, ambayo imekaa stoo miaka kumi na mitano au ishirini pembeni ya magunia ya kahawa, na mzazi ameamua kuifufua nyumbani pamoja na kijana wake wa sekondari. Uamuzi huo naupenda kwa moyo wote. Kinachoniumiza ni kwamba wengi hunifikia wakiwa wamekwisha kufanya kosa lile lile, na mwaka huu nimelisikia kwa watu watatu ndani ya wiki mbili, karibu kwa maneno yale yale: "Fundi, tulitaka kwanza iwake, mengine yangefuata."

Dhana hii ya "kwanza iwake" ndiyo iliyoharibu injini nyingi kuliko kutu yenyewe, na hapa Moshi mlima unaisaidia. Mtu anaishi Kibosho au Machame, njia inateremka kuanzia getini kwake, basi anamimina petroli mpya juu ya ile ya zamani, anaweka gia ya pili, kisha anamwita kijana na majirani wawili waje kusukuma. Pikipiki na mpandaji wake kwa pamoja hupita kilo 150. Uzito huo ukishika kasi na klachi ikaachiwa ghafla, kranki hulazimika kuzunguka hata kama ndani kuna kitu kinachogoma. Mguu unaopiga kiki huusikia ugumu huo na kusita, lakini mteremko hausikii chochote.

Ndani ya silinda hali ni hii. Pistoni imesimama mahali pamoja tangu siku babu alipoizima kwa mara ya mwisho, oili iliyokuwa ukutani mwa silinda imechuruzika yote, na kama valvu mojawapo ilibaki wazi, unyevu wa masika moja baada ya nyingine umeingia na kutengeneza kutu pale pale ringi, yaani pete zinazozunguka pistoni, zinapogusana na ukuta. Ringi ni chuma kikavu, hazipindi, ukizilazimisha huvunjika kama kigae. Hivi karibuni nilifungua injini ya namna hiyo mbele ya baba na mwanawe, nikamwambia kijana apitishe ukucha ndani ya silinda kutoka juu kwenda chini. Ukucha ulinasa mara mbili, kwenye mifereji miwili myembamba iliyochimbwa na kipande cha ringi kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele. Kazi ambayo ingemalizwa kwa oili na subira ya wiki moja ikawa kazi ya kuchongesha silinda kwa fundi mashine na kutafuta pistoni iliyozidi kipimo cha kawaida kwa robo milimita.

Ukweli ni kwamba kuwasha ni hatua ya mwisho. Anzeni kwa kufungua plagi na kumulika ndani kwa tochi. Mimineni vijiko viwili vya oili nyepesi kwenye tundu la plagi, ile ya gia za otomatiki inafaa sana, kisha muiache siku mbili. Wakati mnasubiri, mwageni oili ya injini na muitazame rangi yake, kwa maana ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na injini inahitaji kufunguliwa zaidi. Siku ya tatu fungueni kava la kushoto, mshike boliti ya katikati ya magneto, ile sumaku ya kuzalisha umeme, kwa spana ya boksi, na mzungushe kidogo kidogo kwa mkono, mkirudi nyuma kila mnapokutana na ugumu. Mwachieni kijana spana hiyo, kwa sababu mkono wake utajifunza kwa dakika kumi tofauti kati ya ugumu wa kawaida wa injini na ugumu wa kutu. Injini ikishazunguka kwa ulaini, wekeni oili mpya na mpige kiki bila plagi mpaka muone kwa macho, kwa kufungua kifuniko cha valvu, kwamba oili imefika juu. Hapo ndipo mnaweza kuanza kuzungumzia cheche.

Ndugu wa dhana hiyo ni kauli kwamba injini iliyogoma kuzunguka "imenoki", basi iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Injini hunoki ikiwa inatembea, kwa kukosa oili au kwa joto kali, na chuma huyeyuka na kushikana. Iliyokwama kwa kukaa imeshikwa na kutu tu, na nyingi huachia zikilowekwa vya kutosha.

Kuhusu kabureta, wengi huitupa na kufunga mpya ya bodaboda. Petroli iliyokaa hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utando kama gundi, nao huziba jeti ndogo, kile kijibomba cha kupitishia petroli, ambayo tundu lake halifiki nusu milimita. Mpe kijana jeti hiyo aielekeze dirishani: asipoona nuru, ailoweke usiku kucha katika dawa ya kabureta, kisha aipitishie uzi wa mshipi wa kuvulia samaki. Waya wa chuma hupanua tundu, na baada ya hapo pikipiki itakunywa mafuta kupita kiasi bila ninyi kujua sababu.

Tangi lenye kutu halihitaji mchanga wala kokoto za kutikisa. Sisi tuna kiwanda cha sukari cha TPC pale Arusha Chini, na molasi ni dawa ya kutu ambayo watu hawaiamini mpaka waione. Changanya sehemu moja ya molasi na tisa za maji, jaza tangi, liache nje wiki mbili, kisha lisuuze na ulikaushe siku hiyo hiyo. Harufu yake ni mbaya. Ondoeni koki ya mafuta kwanza na mzibe tundu lake, maana mchanganyiko huo hula aloi.

Tairi la miaka ishirini likiwa na kashata nzuri, yaani meno yake hayajalika, bado ni tairi bovu, kwa kuwa mpira hukauka na kupasuka hata usipotembea. CG125 za mwanzo ni za volti 6, na betri ya volti 12 itaunguza balbu zote. Spea zipo, tena nyingi, kwa kuwa injini kadhaa za bodaboda za Kichina zimetokana na muundo huo huo wa CG, ingawa ni lazima uende dukani na kifaa cha zamani mkononi ili ulinganishe.

Lakini kuna mazoea mawili ambayo kwangu hayana mjadala pale kijana anapokuwa kazini. La kwanza ni kuoshea vyuma kwa petroli. Mvuke wa petroli hushika moto hata katika baridi kali, na hutambaa chini mpaka ulipo moto, hata kama ni jiko la mkaa la mama upande wa pili wa ua. Tumieni mafuta ya taa, nje, mbali na jiko. La pili ni kupuliza vumbi la breki kwa kompresa au kwa mdomo. Viatu vya breki vya miaka hiyo mara nyingi vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lowesheni ngoma ya breki kwa maji yenye sabuni, mfute kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho mkifunge ndani ya mfuko wa plastiki kikiwa bado kibichi. Kazi hiyo aifanye mzazi mwenyewe, na kijana asimame mbali mpaka imalizike.