Kabla ya Kubadili Betri, Kagua Mipangilio ya Mtandao

Mwanafunzi wetu mmoja aliniletea simu yake, akaomba nimwelekeze kwa fundi mwaminifu wa kubadili betri. Hutoka Chanika alfajiri, na akifika Posta chaji imebaki nusu, ilhali njiani hajatazama hata video moja. Tulipofungua matumizi ya betri, mlaji mkubwa kwenye orodha alikuwa mtandao wa simu.

Ndani ya simu kuna redio inayozungumza na mnara. Mnara ukiwa karibu, redio hunong'ona. Ukiwa mbali, hupaza sauti, na nguvu ya kupaza inatoka kwenye betri. Daladala inapotembea, simu inaachia mnara huu na kudaka ule. 4G ikipotea inashuka 3G, kisha inahangaika kupanda tena. Hali ni hiyo hiyo kwenye stoo za chini ya maghorofa ya Kariakoo, au chumba chenye kuta nene ambako mtandao unasoma mstari mmoja. Simu iko mfukoni, lakini inafanya kazi ngumu.

Kama unashinda mahali ambapo 4G inakuja na kuondoka, ingia kwenye Mipangilio, fungua mtandao na intaneti, gusa laini yako, kisha aina ya mtandao inayopendelewa, uchague 3G. Hapa natofautiana na wanaomshauri kila mtu azime 4G. Pale ambapo 4G ina nguvu, iache: inashusha faili haraka na redio inarudi kupumzika. Ukiilazimisha 3G, faili lile lile litaiweka redio macho muda mrefu zaidi. Kwa wenye simu za 5G, kama unapoishi inashika na kuachia, rudi 4G.

Nawasihi msitumie zile namba za siri zinazosambazwa vikundini za kuifunga simu kwenye 4G peke yake. Kama simu au laini yako haipigi kupitia 4G, inategemea 2G au 3G kupokea simu, na ukiifunga hivyo watu watakukosa.

Wengi wetu tuna laini mbili, moja ya bando na nyingine ya kutuma pesa. Kila laini ina minara yake ya kutafuta. Ile isiyoshika vizuri mtaani kwako izime kwenye mipangilio mpaka utakapoihitaji; huna haja ya kuichomoa. Kumbuka tu kwamba ikiwa imezimwa, ujumbe wa benki uliosajiliwa kwa namba hiyo hautaingia. Na menyu ya pesa ya kupiga kwa nyota na reli haihitaji data, kwa hiyo usiwashe data kwa ajili yake.

Jambo ambalo watu hawalijui ni hili: redio ikiamshwa na ujumbe mdogo tu, hailali papo hapo. Hubaki macho sekunde kadhaa ikisubiri kama kuna kingine. Programu ishirini zikibisha hodi kila moja kwa wakati wake, redio hailali kabisa, na bando linapungua kidogo kidogo. Washa Kiokoa Data, kisha uruhusu zile unazozihitaji kweli, kama WhatsApp, zitumie data bila kizuizi. Usipoiruhusu, ujumbe unaweza kuchelewa.

Kwenye WhatsApp yenyewe, fungua mipangilio ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha, sauti na video unapotumia data ya simu. Kikundi cha harusi, cha wazazi wa shule na cha kikoba vinaweza kumaliza bando la siku kwa video usizozifungua. Video za YouTube zipunguzie ubora wa picha hadi 480p au chini yake; kwenye kioo kidogo utaona tofauti ndogo. Play Store isasishe programu kwa Wi-Fi tu, na nakala za picha zinazohifadhiwa mtandaoni vivyo hivyo.

Usiku, wapo wanaowasha hali ya ndegeni ili chaji ifike asubuhi. Inafanya kazi, lakini hakuna simu itakayoingia. Kama una mgonjwa, au mzazi kijijini anayeweza kukuhitaji saa nane usiku, zima data peke yake. Simu ya kawaida na meseji zitakufikia.