Mlaumu Gavana kwa Lake: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Ugatuzi Kenya

Aprili moja nilikaa chini ya hema kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, katika kaunti ambayo jina lake nitalihifadhi. Viti vya plastiki, spika inayokoroma, kreti nne za soda zikingoja mwisho wa mkutano. Mzee mmoja akasimama, akataka shule ya msingi ya kijijini kwake iongezewe walimu. Mama akataka polisi wa doria usiku. Msichana aliyeketi nyuma kabisa akauliza daraja la miguu la mtoni, lile lililoahidiwa tangu kampeni, limefikia wapi. Afisa akaandika yote matatu, akashukuru, akamwita anayefuata.

Walimu huajiriwa na TSC, tume ya kitaifa ya walimu. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. Kati ya hayo matatu, la gavana lilikuwa daraja peke yake, na ndilo swali ambalo hakuna aliyelijibu.

Tangu uchaguzi wa Machi 2013, ugatuzi, yaani kuzipa kaunti sehemu ya kazi na pesa za serikali, umetupa magavana 47, na hadi leo tunawasifu na kuwatukana kwa mambo yasiyo mikononi mwao, huku yaliyo mikononi mwao yakipita kimyakimya. Gavana asiyeulizwa lake ana haja gani ya kufikiri mara mbili kabla ya kutia saini?

“Gavana ni meya aliyebadilishiwa cheo”

Wenye umri wanaukumbuka mkufu wa meya. Ulikuwa mzito kuliko mamlaka yake. Meya alichaguliwa na madiwani wenzake, si na wananchi, na Waziri wa Serikali za Mitaa aliweza kulivunja baraza na kuweka watu wake. Jiji la Nairobi liliendeshwa na tume ya kuteuliwa tangu 1983 hadi 1992.

Gavana anapigiwa kura na kaunti nzima, miaka mitano kwa muhula, mihula miwili basi. Rais hawezi kumfuta kazi. Isipokuwa kwa dharura ya vita au mapigano ya ndani, hata kuisimamisha serikali ya kaunti kunahitaji tume huru ichunguze kwanza, kisha Seneti iridhie, na usimamishaji wenyewe hauzidi siku 90. Makueni walilijaribu hilo. Mwaka 2014 Gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wadi walivutana juu ya bajeti hadi risasi zikafyatuliwa kwenye bunge la kaunti. Wakazi wakatia saini wakiomba serikali yao ivunjwe, tume iliyoongozwa na Mohammed Nyaoga ikakubaliana nao, na mwaka uliofuata Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Waliokuwa wakitazamana kwa macho makavu wakalazimika kurudi meza moja.

Meya mwenyewe hayupo tena. Jiji kama Kisumu au Nakuru lina bodi na meneja wa kuteuliwa, wote chini ya kaunti.

“Kila kitu kaunti kiko chini ya gavana”

Chifu si mtu wa gavana. Wala kamishna wa kaunti. Hao ni wa serikali ya kitaifa, na ndiyo maana katika mji mmoja utakuta wakubwa wawili, kila mmoja na bendera yake, wakati mwingine wasiosalimiana.

Mgawanyo wa kazi umo kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kurasa chache ambazo kila mpiga kura angezibandika ukutani. Kaunti imepewa zahanati na hospitali, isipokuwa zile za rufaa za kitaifa. Imepewa pia kilimo, maji, masoko, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, leseni za pombe na barabara za kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu zimebaki kwa serikali ya kitaifa, Nairobi.

Kizungumkuti ni barabara. Lami moja ndani ya mji inaweza kuwa ya KeNHA, ya KURA au ya KeRRA, mashirika ya barabara ya kitaifa, au ya kaunti, na shimo halina kitambulisho. Mbunge naye ana NG-CDF yake, hazina ya maendeleo ya eneo bunge, anajenga madarasa na kuandika jina la hazina kwa rangi kubwa ukutani. Mwananchi aliyechanganyikiwa hapo hana kosa. Wenye faida na mkanganyiko huo ni viongozi, kwa kuwa kila mmoja anaweza kumwonyesha mwenzake kidole.

“Ugatuzi ni majimbo yaliyorudi kwa mlango wa nyuma”

Hapana. Majimbo ya 1963, mikoa yenye madaraka yake iliyokuja na uhuru, yalikuwa saba, mbali na eneo la Nairobi, kila moja na bunge lake, na kufikia kuzaliwa kwa jamhuri Desemba 1964 yalikuwa yamekwisha. Hayakuuawa kwa hoja. Yalinyimwa kazi na pesa mpaka yakanyong'onyea. Kaunti 47 zinafuata mipaka ya wilaya za 1992, na Katiba inasema ngazi hizi mbili za serikali ni tofauti lakini zinategemeana. Kwa maoni yangu walioandika Katiba walikuwa wanakumbuka yaliyoyapata majimbo, ndiyo maana pesa za kaunti wakazifunga kwa tarakimu.

“Kaunti hupewa asilimia 15”

Tarakimu yenyewe ndiyo hii, na wengi huisoma kichwa chini. Asilimia 15 ya mapato ya taifa ni sakafu, si dari. Katiba inasema kaunti zisipate chini ya hapo. Tena hesabu haipigwi kwa mapato ya mwaka huu bali kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Kitaifa, ambazo huenda ni za miaka kadhaa nyuma. Mgao ulikuwa shilingi bilioni 190 mwaka wa fedha wa 2013/14, na ukafika bilioni 415 mwaka wa 2025/26.

Je, gavana “amekalia pesa”? Mara nyingi pesa hazijafika. Hazina ya Kitaifa huchelewesha, na zikifika, hazitoki bila Msimamizi wa Bajeti kuidhinisha. Ucheleweshaji huu unaharibu uamuzi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Pesa zikiingia mwisho mwisho, mradi unaoshinda ni ule wenye makaratasi tayari, hata kama uliohitajika zaidi ni mwingine. Kandarasi hutiwa saini Juni kwa haraka ya mtu anayefunga duka.

Lakini tusimpe gavana kichaka cha kujifichia. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kujaza ofisi wapambe wa kampeni hakuhusiani na Hazina kuchelewa. Huo ni uamuzi wa mtu mmoja, asubuhi, akiwa na kalamu mkononi.

“Afya irudi Nairobi, mambo yatanyooka”

Nawaelewa wanaosema hivi. Mgomo wa madaktari ulioisha Machi 2017 ulichukua siku 100, na malalamiko ya mishahara inayochelewa na vyeo visivyopanda hayajaisha. Kaunti nyingi zilipokea hospitali kabla hazijajua hata kuandaa orodha ya mishahara.

Ila kabla ya kuirudisha afya Nairobi, tukumbuke Nairobi iliamuaje. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilikodisha vifaa vya kisasa, mashine za eksirei, za kusafisha figo, za vyumba vya upasuaji, kwa ajili ya hospitali 98 nchini. Gharama ikakatwa kwenye fedha za kaunti, karibu shilingi milioni 95 kwa kila kaunti kwa mwaka, baadaye ikapanda hadi milioni 200. Kila kaunti mkato ule ule, iwe na mtaalamu wa kuiendesha mashine au haina. Seneti ilipokuja kuchunguza, kulikuwa na hospitali ambako vifaa vilikaa bila kazi: hapa hakuna umeme wa kutosha, pale hakuna maji, kwingine hakuna mtu aliyesomea kuvitumia. Mganga wa pale angeulizwa mapema, angesema kabla ya chai ya saa nne.

Na upande wa pili wa mizani kuna Mandera, mji uliokaa miongo mitano ya uhuru bila lami hadi serikali ya kaunti ilipoitandika. Nairobi haikuwachukia watu wa Mandera. Ilikuwa mbali tu, na vumbi halisafiri umbali huo.

“Dawa ya gavana mbaya ni kumbandua”

Thuluthi mbili ya wawakilishi wadi wakipiga kura ya kumwondoa, kesi inakwenda Seneti. Ferdinand Waititu wa Kiambu alibanduliwa hivyo Januari 2020, Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huo huo, na Kawira Mwangaza wa Meru Agosti 2024 baada ya kunusurika mara mbili. Kwa upande mwingine, Martin Wambora wa Embu, gavana wa kwanza kubanduliwa, mwaka 2014, alirudishwa na mahakama na 2017 akachaguliwa tena. Kericho nako, Oktoba 2024, hoja ilianguka Seneti kwa sababu walioiunga mkono walikuwa 31 kati ya 47, na thuluthi mbili ilihitaji 32. Kura moja.

Kubandua ni haki ya kikatiba, sikatai. Lakini huja baada ya pesa kuliwa, na mara nyingi wanaompeleka gavana kizimbani ndio hao hao waliopitisha bajeti yake mstari kwa mstari.

“Maoni ya umma ni muhuri tu, uamuzi umeshafanywa”

Hapa nakubali nusu. Ukingoja hema la Aprili, ndiyo, umechelewa. Kurasa zilizokuwa mezani siku ile zilizidi mia tatu, zote kwa Kiingereza, nakala mbili kwa umati mzima.

Uamuzi wa gavana una kalenda. Mpango wa miaka mitano hutungwa baada ya uchaguzi. Kila mwaka, mpango wa maendeleo unatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na miradi huingia au huachwa hapo. Mwisho wa Februari kinafuata kitabu cha mkakati wa fedha, kinachogawa viwango, afya kiasi gani, barabara kiasi gani. Makadirio ya Aprili 30 hujaza tarakimu ndani ya viwango vilivyokwisha kukubaliwa. Anayesimama Aprili kuomba daraja ni kama anayefika sherehe mbuzi akiwa ameshagawanywa.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 pia inataka kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi. Mwenyekiti ni gavana, wanaingia mawaziri wake, na idadi sawa na yao inatoka nje ya serikali: wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu, makundi ya kidini. Gavana anayetaka kuambiwa ukweli kabla hajakosea ana pa kuusikia. Ulizia kwenu kama limeketi mwaka huu.

Makueni, baada ya vita vile vya 2014, ndiyo iliyokuja kutolewa mfano. Mikutano ilianzia vijijini, ikapanda hadi wadi, kaunti ndogo, kisha kaunti nzima. Kamati za wakazi zikasimamia miradi, na mwanakandarasi akahitaji saini yao kabla ya kulipwa. Kibwana hakupungukiwa na mamlaka kwa hilo. Alipunguziwa nafasi ya kukosea akiwa peke yake.

Yule msichana wa daraja nilimtafuta wakati wa soda, nikampa tarehe ya Septemba. Mwaka uliofuata kikao cha Agosti hakikuwa na hema. Kilikuwa chumba kimoja cha ofisi ya wadi, watu kumi na mmoja. Alikuja na karatasi ya daftari yenye vipimo vya mto na saini za wenye mashamba ya ng'ambo zote mbili. Afisa akamwuliza upana. “Kiangazi mita tisa,” akasema, “masika kumi na nane.” Afisa akarudi ukurasa mmoja nyuma, akaandika tarakimu.