Hamamu ya Moroko: Maana Yake na Nafasi Yake Mtaani

Nchini Moroko, hamamu ni nyumba ya umma ya kuogea kwa mvuke, ambamo watu wa mtaa hulipa kiingilio kidogo, hukaa ndani kwa saa nzima au zaidi, kisha hurudi makwao ngozi ikiwa imesuguliwa yote. Si mahali pa wale tu wasio na bafu nyumbani, kwani familia nyingi za mijini zenye maji ya moto majumbani mwao bado huenda hamamu kila wiki. Wasomaji waliofika Unguja watakumbuka Hamamni, iliyojengwa na Sultani Barghash katika karne ya 19 na ambayo leo hutembelewa kama jengo la kumbukumbu. Hamamu za Moroko bado zinawaka moto.

Katika miji ya kale kama Fes na Marrakech, mtaa uliokamilika ulikuwa na msikiti, chuo cha Kurani, mahali pa kuteka maji, tanuri la mikate na hamamu. Ukaribu wa hamamu na msikiti una sababu yake, kwa kuwa sala haisihi bila tohara, na mwenye janaba hana budi kukoga mwili mzima.

Mwogaji hupita vyumba vitatu vinavyozidiana joto: barrani, wastani na dakhli, yaani cha nje, cha kati na cha ndani. Huketi sakafuni, ndoo zikiwa zimemzunguka, akajipaka sabuni beldi, ambayo hutengenezwa kwa zeituni na ni laini kama samli iliyoganda. Akishalowa mvuke huisuuza, huvaa mkononi kisi, ambayo ni glavu ya kitambaa chenye kukwaruza, na kujisugua kwa nguvu mpaka nongo zitoke kwa vijinyuzi vya kijivu. Mgongoni, ambako mkono haufiki, husuguliwa na aliyeketi jirani yake, hata kama hawajuani, naye humlipa kwa kumsugua wake. Mwenye uwezo humlipa msuguaji wa kazi hiyo, ambaye kwa wanawake huitwa tayaba na kwa wanaume kisali. Nywele huoshwa kwa ghasuli, udongo unaochimbwa katika bonde la mto Moulouya.

Wanaume na wanawake hawachangamani: ama kila upande una mlango wake, ama hupokezana saa. Kwa wanawake, hasa zamani walipokuwa na sehemu chache za kukutania nje ya nyumba, hapa ndipo habari zilipopashwana na mama mwenye kijana wa kuoza alipowaangalia wasichana wa mtaa. Bibi harusi naye husindikizwa hamamu na jamaa na mashoga zake, kwa nyimbo na mishumaa, kabla ya kupakwa hina.

Sehemu ambayo wageni hawaioni, nami naiona kuwa moyo wa jambo zima, ni tanuru lililo nyuma ya ukuta, liitwalo farnachi. Mchochea moto hulilisha kuni, unga wa mbao au kokwa za zeituni, na joto lake huchemsha maji na kupita chini ya sakafu. Mjini Marrakech jivu lake nalo lina kazi: wanaume hutia nyama, kitunguu saumu, ndimu za chumvi na bizari nyembamba katika mtungi wa udongo, wakaupeleka kwa mchochea moto aufukie katika jivu la moto kwa saa nyingi. Chakula hicho ni tanjia, na watu wa mji huo hujivunia kwamba ni chao.

Mwanzoni mwa 2024, baada ya miaka kadhaa mfululizo ya ukame, mamlaka katika miji kadhaa, ikiwemo Casablanca, Tangier na Beni Mellal, ziliamuru hamamu zifungwe Jumatatu, Jumanne na Jumata­no ili kuokoa maji. Haja ya kuokoa maji ilikuwa ya kweli, lakini mzigo uliwaangukia zaidi wenye kipato kidogo: tayaba na kisali hulipwa na mteja aliye mbele yao, hivyo siku ya kufungwa ni siku isiyo na ujira, na aliyekuwa hana maji ya moto nyumbani alikosa pa kuogea katikati ya majira ya baridi.