Msimbo wa waifai kwa wageni: ni nini hasa, na unafungua mlango upi

Mama mdogo wangu ana nyumba ya wageni yenye vyumba sita hapa Bagamoyo, si mbali na Ngome Kongwe. Zamani mgeni alikuwa akifika na mkoba begani, hajaulizia hata maji ya kuoga, anauliza paswedi ya waifai. Hapo ndipo shughuli inaanza. "Andika B kubwa. Halafu g ndogo. Sifuri hiyo, siyo o. Hapana mwanangu, umeandika o." Mpaka afike mgeni wa sita, sauti imeshamkauka.

Siku hizi mapokezi pana karatasi iliyopigwa lamineshini, ina kimraba cha madoadoa meusi na meupe. Mgeni anaelekeza kamera ya simu, simu inamuuliza kama anataka kujiunga na mtandao fulani, anagusa, kwisha. Kimraba hicho ni msimbo wa QR, ndugu wa kile kilichoko kwenye risiti za mashine ya EFD. Herufi hizo mbili ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya jibu la haraka. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara wa kampuni ya Denso Wave, kwa kazi ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Mambo ya waifai yameudandia baadaye.

Wengi hudhani ndani ya kimraba mna intaneti. Hamna. Mna maandishi tu, yamechorwa kwa namna ambayo kamera inaweza kuyasoma. Ukiyafumua utakuta kitu kama hiki:

WIFI:T:WPA;S:Baraza;P:papai-na-ukwaju-47;;

T ni aina ya ulinzi, S ni jina la mtandao, P ni paswedi. Mtandao ukiwa umefichwa jina, huongezwa H:true. Nukta-mkato mbili za mwisho zinaiambia simu kwamba habari imeishia hapo. Na kwa kuwa nukta-mkato ndiyo inayotenganisha vipande, paswedi yenye alama hiyo inaweza kuvuruga msimbo uliotengenezwa ovyo. Mie naiepuka kabisa.

Ukishajua kuwa ni maandishi tu, mengine yanajifungua yenyewe. Kuskani hakuhitaji bando, maana simu haiendi kokote kuuliza; kila kitu kimo kwenye karatasi. Ukibadilisha paswedi kwenye rauta, karatasi ya jana imekufa, chapisha nyingine. Na hili ndilo watu hulisahau: paswedi imo mle wazi, haikufungwa kwa namna yoyote. Kimraba si kufuli. Ni paswedi iliyojitanda ushungi mwepesi, na kila mwenye kamera anauona uso. Mgeni akipiga picha meza ya chai na karatasi ikaingia kwenye picha, kisha akaiweka mtandaoni, amewagawia wote. Tena hata karatasi haihitajiki: kwenye simu za Android kuanzia toleo la 10, aliyekwisha kuunganishwa anaweza kutoa kimraba kwenye skrini yake na kumpa bodaboda aliyemleta.

Kwa hiyo swali la maana ni hili: paswedi unayoigawa inafungua mlango upi?

Nyumba zetu za pwani zilishalijibu zamani. Nje ya mlango pana baraza. Anayekuja kwa mazungumzo, kahawa au bao anakaa pale, anaheshimiwa, anahudumiwa, na wala haoni kinachopikwa uani. Rauta nyingi za sasa zina baraza yao: mtandao wa wageni. Ni jina la pili la waifai, lenye paswedi yake, linalotoka kwenye kifaa kilekile na kutumia laini ileile ya intaneti. Tofauti ni kwamba aliyeko kwenye mtandao huo anapata intaneti tu, hafikii kompyuta ya mapokezi, printa, wala mashine inayorekodi kamera za ulinzi. Baadhi ya rauta zinakuruhusu pia kupunguza kasi ya upande wa wageni, ili mmoja anayepakua filamu asiwanyonge wenzake.

Unauwasha kwenye ukurasa wa mipangilio ya rauta. Anwani yake kwa kawaida imebandikwa chini ya kifaa chenyewe. Ukiwa hapo, badilisha na paswedi ya kuingilia ukurasa huo, kama bado ni ile iliyotoka nayo dukani. Nimeona mahali wametengeneza kimraba kizuri chenye maua pembeni, kumbe ni cha mtandao wa ndani, ule unaobeba hesabu za ofisi. Hapo mgeni amepitishwa barazani, ukumbini, moja kwa moja hadi chumbani kwa mwenye nyumba.

Kutengeneza kimraba ni kazi ya dakika moja. Unganisha simu ya Android na mtandao wa wageni, fungua mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao, chagua kushiriki. Kimraba kitatokea, na mara nyingi paswedi imeandikwa chini yake kwa herufi za kawaida, basi ikate kabla ya kupeleka steshenari ukitaka isisomwe kwa macho. Ingawa mie namshauri mama mdogo aiache: wapo wageni wenye kompyuta, na wapo wenye simu za zamani. Kuna tovuti za kutengeneza misimbo pia, lakini huko unaandika paswedi yako kwenye ukurasa wa mtu usiyemjua, na simu inaweza kuifanya kazi hiyo bure.

Chapisha kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe na uache ukingo mweupe kuzunguka. Hewa ya chumvi hapa inakula kila kitu, lakini msimbo una uvumilivu: ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha kusahihisha makosa, husomeka hata karibu asilimia 30 ya data yake ikiharibika. Usizibe tu vile visanduku vitatu vya pembeni, ndivyo vinavyoionyesha kamera kimraba kimekaaje.

Na wewe mgeni, soma simu inachokuuliza kabla ya kugusa. Msimbo wa waifai unaomba ruhusa ya kujiunga na mtandao wenye jina. Ukikupeleka kwenye ukurasa unaotaka namba ya siri ya pesa za simu, huenda kuna mtu amebandika stika yake juu ya ya mwenyeji. Pitisha ukucha pembeni uone kama inabanduka, kisha mwite mwenye nyumba.

Mama mdogo hubadilisha paswedi ya wageni kila tarehe mosi. Simu za waliokwisha kuondoka bado zinaikumbuka ya zamani, na jioni utawaona vijana wawili watatu wamekaa kwenye ukuta wa jirani, simu juu, wakishangaa kwa nini haishiki. "Mgeni siku mbili," anasema, huku anachomeka karatasi mpya kwenye plastiki.