Faini si kodi ya kitabu

Wanafunzi wengi wa vyuo huamini kwamba ukiwa tayari kulipa faini, unaweza kukaa na kitabu cha maktaba utakavyo. Sivyo. Faini ni adhabu, haikuongezei siku. Kitabu bado unadaiwa, na maktaba nyingi hukuzuia kuazima kingine mpaka ukirudishe. Ukihitaji muda zaidi, omba kabla ya tarehe ya kurudisha iliyogongwa mhuri kitabuni. Kwa kawaida utakubaliwa, isipokuwa kama kuna mwenzako anayekisubiri. Vitabu vya akiba maalumu, vinavyosomwa kwa saa chache tu, ni moto zaidi: faini yake mara nyingi huhesabiwa kwa saa. Wala usidhani watasahau. Ukimaliza chuo, fomu ya kuthibitisha kwamba hudaiwi hupitia maktaba pia, na hapo ndipo kitabu cha mwaka wa kwanza hufufuka.